Utafutaji wa nyuzi za ulimwengu kwa lenzi za graviti

Utafutaji wa nyuzi za ulimwengu kwa lenzi za graviti ni njia mojawapo ya astronomia na kosmolojia ya kuchunguza kama nyuzi za ulimwengu zipo kweli. Nyuzi hizo, kama zipo, ni nyembamba mno na hazitoi mwanga, kwa hiyo haziwezi kuonekana zenyewe. Lakini graviti yake ingebadilisha umbo la nafasi inayozizunguka kiasi kwamba galaksi moja iliyo nyuma yake ingeonekana mara mbili, picha zote mbili zikiwa sawasawa na zimekaa bega kwa bega.

Hadi sasa hakuna uzi wa ulimwengu uliothibitishwa. Mfano uliokaribia zaidi kukubalika ni CSL-1, kitu chenye sura ya galaksi pacha kilichotangazwa mwaka 2003. Mwaka 2006 Darubini ya Anga ya Hubble ilionyesha kwamba hizo ni galaksi mbili tofauti. Hata hivyo habari ya CSL-1 ni muhimu katika fani hii, kwa sababu imeonyesha ni ushahidi gani unaotosha na upi hautoshi.

Nyuzi za ulimwengu

Wazo la nyuzi za ulimwengu lilitolewa mwaka 1976 na Tom Kibble, mwanafizikia wa Uingereza. Kufuatana na nadharia yake, ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali sana ulipoa na kupita katika mabadiliko ya hali, kama vile maji yanavyogeuka kuwa barafu. Maji yanapoganda kwenye bakuli, barafu huanza mahali mbalimbali kwa wakati mmoja. Vipande vinapokutana havilingani vizuri, na kwenye maungio hubaki nyufa na mistari. Vivyo hivyo, sehemu mbalimbali za ulimwengu zilipopoa bila kuwasiliana, huenda mistari ilibaki ambamo hali ya zamani yenye nishati kubwa imenaswa hadi leo.

Mistari hiyo ndiyo nyuzi za ulimwengu. Uzi wa namna hii ungekuwa mwembamba kuliko protoni mara nyingi mno, lakini urefu wake ungeweza kuvuka ulimwengu wote unaoonekana. Hauna ncha: ama unaendelea bila mwisho, ama umejifunga kuwa kitanzi.

Nyuzi za ulimwengu zisichanganywe na nyuzi za nadharia ya nyuzi, ambazo hudhaniwa kuwa vipande vidogo sana vinavyounda chembe zote za maada. Hata hivyo, tangu miaka ya 2000 wanafizikia wameonyesha kwamba baadhi ya nyuzi hizo ndogo zingeweza kunyooshwa na upanuzi wa ulimwengu hadi kufikia urefu wa kiastronomia. Hii ni sababu mojawapo ya utafutaji kupata nguvu mpya katika miaka hiyo. Kuuona uzi mmoja angani kungekuwa kupata kipande cha ulimwengu wa awali kilichohifadhiwa, chenye nishati ambayo hakuna mashine ya kuharakisha chembe iliyojengwa duniani inayoweza kuifikia.

Lenzi ya graviti ya kawaida

Nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein inasema kwamba masi hupinda nafasi, na mwanga unaopita karibu hufuata mpindo huo. Jambo hili lilipimwa mara ya kwanza wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, na vikundi viwili vya Waingereza: kimoja kikiongozwa na Arthur Eddington katika kisiwa cha Príncipe kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, na kingine huko Sobral nchini Brazil.

Galaksi kubwa ikikaa mbele ya chombo cha mbali zaidi, hufanya kazi kama lenzi. Mfano wa kwanza uligunduliwa mwaka 1979: kwazari Q0957+561 katika kundinyota la Dubu Kubwa ilionekana mara mbili, picha zikiachana kwa takriban sekunde 6 za tao. Tangu hapo lenzi za aina hiyo zimegunduliwa kwa wingi.

Lenzi ya kawaida ina tabia zake. Graviti ya galaksi ni kali karibu na kitovu na hupungua kuelekea nje, kwa hiyo mwanga hupindwa kwa viwango tofauti. Matokeo yake ni picha zilizovutwa kuwa tao au hata pete, na picha moja kwa kawaida hung'aa kuliko nyingine. Mara nyingi galaksi inayofanya kazi ya lenzi huonekana pia, ikikaa katikati ya picha.

Namna uzi unavyofanya kazi ya lenzi

Uzi wa ulimwengu ni lenzi ya aina nyingine kabisa. Alexander Vilenkin wa Marekani alieleza jambo hili katika miaka ya 1981 na 1984, na mwaka 1985 J. Richard Gott na William Hiscock, kila mmoja kwa njia yake, walitoa suluhisho kamili la milinganyo ya Einstein kwa uzi ulionyooka.

Ndani ya uzi kuna mkazo mkubwa, kama katika waya wa gitaa uliokazwa, na mkazo huo unalingana kabisa na nishati ya uzi wenyewe. Katika nadharia ya Einstein mkazo pia una graviti, na kwa uzi ulionyooka graviti ya mkazo hufuta mvuto wa masi. Kwa hiyo jiwe lililowekwa karibu na uzi huo bila mwendo halivutwi kuelekea kwake. Nafasi inayouzunguka haijapindwa. Imekatwa kipande tu.

Jambo hili linaweza kueleweka kwa karatasi na mkasi. Mtu achore duara kwenye karatasi, akate kipande chembamba kuanzia ukingo hadi kitovu, kama kipande cha keki, kisha aunganishe kingo mbili zilizobaki. Karatasi inakuwa pia yenye ncha, mfano wa kofia. Ncha ya pia ndiyo mahali ambapo uzi unapenya karatasi. Sasa aweke alama ya galaksi upande mmoja wa ncha, na alama ya mtazamaji upande wa pili. Kwenye karatasi bapa kuna mstari mmoja tu ulionyooka kati ya alama hizo. Kwenye pia ipo mistari miwili: mmoja unapita kushoto kwa ncha, mwingine kulia, na yote miwili imenyooka. Mwanga hufuata yote miwili, na mtazamaji anaiona galaksi hiyohiyo katika pande mbili.

Kwa kuwa karatasi yenyewe haikunyooshwa wala kukunjamana popote isipokuwa kwenye ncha, picha hazibadiliki umbo wala hazikuzwi. Tena, galaksi ikiwa mbali sana kando ya mstari unaopita ncha, njia ya pili haipo na picha inabaki moja. Uzi basi huzaa picha mbili kwa vyombo vilivyo ndani ya ukanda mwembamba tu nyuma yake.

Alama za kutambua

Kutokana na maelezo hayo, lenzi ya uzi inatakiwa kuwa na alama zifuatazo:

1. Picha ni mbili, zenye umbo moja, mwelekeo mmoja na mng'ao mmoja. Si moja kuwa kivuli cha nyingine kama katika kioo. Zote zinatazama upande uleule.

2. Picha hazina tao, pete wala mvuto wa umbo.

3. Kati yake hakuna galaksi nyingine inayoweza kuwa lenzi.

4. Rangi, spektra na mhamo mwekundu wa picha hizo ni sawa, kwa kuwa ni mwanga wa chombo kimoja.

5. Galaksi iliyo mpakani mwa ukanda inaonekana nzima mara moja, na kipande chake tu katika picha ya pili. Kipande hicho kina ukingo ulionyooka, kana kwamba kimekatwa kwa wembe. Hakuna kitu cha asili kinachojulikana ambacho kingekata sura ya galaksi namna hiyo.

6. Uzi ni mrefu, kwa hiyo jozi haiwezi kuwa peke yake. Galaksi nyingine zilizo nyuma ya uzi huohuo zinatakiwa kuwa jozi pia, zikifuatana angani.

Ukubwa wa pembe

Sekunde ya tao ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii moja. Ni karibu sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2 inayotazamwa kutoka umbali wa kilomita 4.

Uzito wa uzi huandikwa kwa namba Gμ/c², ambapo μ ni masi ya kila mita ya uzi, G ni namba thabiti ya graviti na c ni kasi ya nuru. Pembe kati ya picha mbili haiwezi kuzidi 8π mara namba hiyo. Hupungua kama uzi umelala kwa mshazari, au kama galaksi iko karibu na uzi kuliko na mtazamaji. Mifano:

Gμ/c² ikiwa 10⁻⁶, kipande cha uzi chenye urefu wa kilomita 4.4 kina masi sawa na Dunia nzima, na picha huachana hadi sekunde 5.2 za tao.

Ikiwa 4 × 10⁻⁷, masi ya Dunia inapatikana katika kilomita 11, na picha huachana hadi sekunde 2.1.

Ikiwa 1.5 × 10⁻⁷, inahitajika kilomita 30, na picha huachana hadi sekunde 0.8.

Ikiwa 10⁻¹⁰, inahitajika zaidi ya kilomita 44,000, na picha huachana kwa sekunde 0.0005 tu.

Darubini iliyoko duniani huzuiwa na mtikisiko wa hewa, na kwa kawaida haipambanui vizuri vitu vilivyoachana chini ya nusu sekunde hadi sekunde moja. Hubble, iliyoko nje ya angahewa, hupambanua hadi karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Habari ya CSL-1

Ugunduzi

CSL-1 ilionekana katika picha za eneo dogo la anga zilizochukuliwa na waastronomia wa Paoneaanga pa Capodimonte, Napoli, Italia, kwa kutumia darubini ya mita 2.2 iliyoko La Silla nchini Chile. Kipo katika kundinyota Ghurabu, ambalo huonekana vizuri kutoka Afrika ya Mashariki usiku wa miezi ya Aprili na Mei, ingawa chenyewe ni hafifu mno kwa macho. Herufi za jina lake zinatokana na Capodimonte na Taasisi ya Astronomia ya Sternberg huko Moscow. Namba 1 ina maana kuwa ni lenzi ya kwanza waliyoidhania.

Mwaka 2003 Mikhail Sazhin wa Sternberg pamoja na wenzake wa Italia na Urusi walitangaza walichokiona. Kulikuwa na madoa mawili ya mwanga yaliyoachana kwa sekunde 1.9 za tao. Hayakuwa nyota, kwa sababu yalikuwa na upana. Yote mawili yalionekana kuwa galaksi kubwa za umbo la duaradufu, zenye mng'ao sawa na rangi sawa, na mhamo mwekundu wa 0.46, maana yake mwanga wake ulisafiri karibu miaka bilioni 5 hadi kufika. Hakukuwa na tao wala galaksi katikati. Watafiti walijaribu kueleza jozi hiyo kwa lenzi ya kawaida wakashindwa, kwa kuwa lenzi ya kawaida ingeharibu umbo la picha.

Walibaki na maelezo mawili: ama galaksi mbili zinazofanana sana zimekaribiana, ama galaksi moja inaonekana mara mbili kwa sababu ya uzi wa ulimwengu. Kama ni uzi, namba yake ilipaswa kuwa angalau 4 × 10⁻⁷. Kichwa cha makala yao kilikuwa swali, na swali hilo liliachwa wazi.

Kipimo cha spektra

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchambua mwanga kwa makini zaidi kwa darubini kubwa ya VLT ya shirika la ESO, huko Paranal, Chile. Mwaka 2005 kikundi kilitangaza kwamba spektra za madoa mawili ni sawa kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 98, na kwamba tofauti ya kasi zao haikutofautiana na sifuri. Matokeo hayo yaliongeza imani kwamba lenzi imepatikana. Katika eneo la jirani pia yalionekana madoa pacha kadhaa yaliyostahili kuchunguzwa.

Uamuzi wa Hubble

Kilichobaki kilikuwa kuona umbo lenyewe kwa ukali, na hasa kutafuta ukingo uliokatwa. Tarehe 11 Januari 2006 Hubble ilielekezwa kwa CSL-1. Picha ilimaliza mjadala. Madoa yale yalikuwa galaksi mbili kubwa za duaradufu zinazoathiriana kwa graviti. Hakukuwa na ukingo ulionyooka.

Kikundi cha Sazhin chenyewe kilitangaza mwezi huohuo kwamba CSL-1 si lenzi ya uzi, licha ya mfanano wa ajabu wa mwanga na kasi. Wakati huohuo Eric Agol, Craig Hogan na Richard Plotkin walifikia jibu lilelile kwa njia yao. Waliona kwamba mihimili mirefu ya galaksi hizo imeelekea pande tofauti, jambo lisilowezekana kwa picha mbili za chombo kimoja nyuma ya uzi. Walitumia pia jaribio rahisi: picha ya Hubble inahamishwa kwa umbali ule unaotenganisha madoa, kisha inatolewa katika picha ya awali. Kama doa moja ni nakala ya lingine, mahali pake panatakiwa kubaki patupu. Hapakubaki patupu.

Mafunzo

Ushahidi wa spektra haukuwa wa uongo, ulikuwa hautoshi. Galaksi kubwa za duaradufu zina nyota za zamani za aina moja, kwa hiyo spektra zake hufanana hata zikiwa mbali na kila mmoja. Galaksi zilizo katika kundi moja huwa na mhamo mwekundu unaokaribiana, na kasi inayopimwa ni ile tu ya kuelekea au kuondoka kwa mtazamaji. Mwendo wa kwenda kando haupimiki kwa njia hiyo. Kufanana ni alama ambayo uzi unaidai, lakini vitu vingine pia huweza kuwa nayo. Ukingo uliokatwa, mwelekeo mmoja wa picha na msururu wa jozi ni alama ambazo ni vigumu kupata sababu nyingine.

Jambo la pili ni utaratibu uliofuatwa. Watafiti walisema mapema ni picha gani ingewakanusha, wakaomba darubini iliyoweza kuipiga, na ilipopatikana waliyakubali majibu.

Utafutaji uliofuata

Baada ya 2006 watafiti waliacha kutegemea jozi moja moja wakaanza kupekua maeneo mapana. Vikundi mbalimbali vya Marekani vilichunguza kwa kompyuta picha za Hubble za miradi ya GOODS na COSMOS, pamoja na hifadhi ya picha za kamera ya ACS, vikitafuta misururu ya jozi zenye pembe moja. Hakuna uzi uliopatikana, na kutoonekana huko kumetumika kuweka kikomo cha uzito wa nyuzi.

Njia nyingine iliyopendekezwa mwaka 2007 na David Chernoff na Henry Tye ni kutazama nyota badala ya galaksi. Uzi mwepesi hauwezi kutenganisha picha kwa kiasi cha kuonekana, lakini ukipita mbele ya nyota, mwanga wa picha mbili huongezeka pamoja. Nyota ingeng'aa mara mbili kamili kwa muda, kisha ingerudi ghafla ilivyokuwa. Lenzi za kawaida za nyota hupandisha na kushusha mng'ao polepole, kwa hiyo tofauti ni wazi.

Vipimo vya njia nyingine

Lenzi si njia pekee. Uzi unaokwenda kasi ungeacha hatua ya ghafla ya joto katika mnururisho uliobaki kutoka mlipuko mkuu, upande mmoja wa uzi ukiwa na joto kidogo kuliko mwingine. Hii huitwa athari ya Kaiser na Stebbins, iliyoelezwa mwaka 1984. Vipimo vya mnururisho huo vilikwisha kuonyesha, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, kwamba nyuzi hazikuwa chanzo kikuu cha galaksi kama ilivyodhaniwa hapo awali. Mwaka 2013 chombo cha anga cha Planck cha Ulaya kiliweka kikomo cha Gμ/c² kuwa chini ya 1.5 × 10⁻⁷ kwa nyuzi za aina ya msingi, na 3.2 × 10⁻⁷ kwa mfano mwingine wa nadharia.

Kwa vikomo hivyo, uzi wa 4 × 10⁻⁷ uliodhaniwa kwa CSL-1 ungekataliwa leo hata bila picha ya Hubble.

Kikomo kikali zaidi hutokana na mawimbi ya graviti ambayo vitanzi vya nyuzi vingetoa vikitikisika. Mawimbi hayo hutafutwa kwa kupima wakati wa mapigo ya pulsari. Mwaka 2023 mradi wa NANOGrav wa Marekani na miradi mingine ilitangaza ushahidi wa mvumo wa mawimbi hayo, ambao hudhaniwa zaidi kutoka kwa jozi za mashimo meusi makubwa. Kwa nyuzi imara, kikomo kinachopatikana ni karibu 10⁻¹⁰, ingawa kinategemea jinsi vitanzi vinavyohesabiwa katika nadharia.

Matarajio

Kama kikomo cha pulsari ni sahihi, picha mbili za galaksi zingeachana kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao, na darubini za mwanga za leo haziwezi kuzitenganisha. Kazi hiyo inabaki kwa mitandao ya darubini za redio zilizounganishwa kutoka mabara mbalimbali, na kwa uchunguzi wa nyota zinazong'aa mara mbili.

Chombo cha Euclid cha Ulaya, kilichorushwa tarehe 1 Julai 2023, na Paoneaanga pa Vera C. Rubin nchini Chile vinapiga picha za galaksi kwa mamilioni mengi. Jozi zinazofanana na CSL-1 zitapatikana humo kwa wingi, na karibu zote zitakuwa galaksi mbili zilizo jirani. Kwa kila jozi alama za kupima ni zilezile: mwelekeo wa picha, ukingo wake, na majirani walio kwenye mstari mmoja.